Auma, Viti Vyote Miguu Juu

Auma wangu,

Tamasha limefanyika. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwa hapa ungenikatiza kabla sijaweka mkoba chini: "Nafu, sema moja, imefanyika ama haijafanyika?" Imefanyika! Jana jioni tumefunga, na leo asubuhi nimekaa hapa stoo, mtaani kwetu Satellite, juu ya fungu la viti. Mahema yote yamerudi na nguzo zake zote, sauti imenikauka kama ya jogoo mgonjwa, na kwenye kiwiko changu cha kulia kuna rangi ya zambarau ambayo imekataa kutoka hata kwa mafuta ya taa. Ningekupigia simu. Namba yako bado naijua kwa kichwa, na hilo ndilo baya lake. Basi nimechukua kalamu.

Nina furaha. Na nina hasira pia, ile yangu ya zamani unayoijua. Wacha nikueleze kwa mpangilio, maana jana nilifanya lile jambo ulilolifanya wewe mwaka ule nikakununia, na sina mwingine wa kumweleza akanielewa.

Unaukumbuka mwaka wa kwanza. Wewe mchoraji wa mabango ya vinyozi na mabucha, mimi mwenye kukodisha mahema na viti, na wazo lako kichwani kwamba mtaa wetu uwe na tamasha lake la picha, watu wasingoje kwenda mjini kuingia jumba lenye sakafu inayong'aa ndipo waone mchoro. Nilikwambia una wazimu. Kisha nikaleta mahema manane, viti mia mbili, na waya wa kutundikia picha. Mimi ndiye niliyepima uwanja wa kanisa na kupiga hesabu jua la mchana litapita wapi, ili lisichome karatasi za watoto. Hukulijua jua wewe. Ulijua rangi tu.

Halafu jioni ukapewa maiki utoe neno la shukrani. Ukamshukuru Mungu. Ukamshukuru mwenyekiti wetu wa kamati, Bwana Kamande, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kushika simu mbili. Ukamshukuru pasta wa uwanja. Ukaona mgeni wa heshima anaangalia saa, ukacheka kile kicheko chako, ukasema, "Na wengine wote, itifaki imezingatiwa." Ukakaa. Juu ya kiti changu!

Auma, maneno hayo nimeyachukia tangu nilipoanza kazi hii na hema moja lililotobolewa na panya. Kila harusi, kila matanga, kila mahafali, mimi nasimama nyuma karibu na lori, nasikia wenye vyeo wakitajwa mmoja baada ya mwingine, na majina ya baba zao. Wakifika kwa aliyepika, aliyefagia, aliyebeba, wanamwagiwa itifaki imezingatiwa kama maji ya kunawa. Hiyo itifaki ni nani? Amewahi kunyanyua nguzo? Kutoka kwa wengine nilikuwa nimezoea. Kutoka kwako sikuzoea.

Ukaja hapa stoo kesho yake na mandazi yamefungwa kwa gazeti. Nikakwambia mwenye mahema hali mandazi ya itifaki. Ukakaa palepale, ukayala wewe yote, ukasema, "Nafu, nilikusahau kwa sababu sikukuhesabu upande ule." Nikakuuliza upande gani, mimi ndiye niliyehesabu kila kitu mahali pale. Ukacheka. Hukunijibu, ukaomba chai.

Ni siku hiyohiyo uliposema, "Nipe viti vyako nikuwekee alama." Ulijua shida yangu. Jina la biashara nilikuwa nimeliandika mgongoni mwa kila kiti, kama kila mtu wa kazi yetu, na wezi walikuwa wanalikwaruza na kuandika lao. Harusi mbili zikiwa jirani, viti vinachanganyika, kila mwenye hema anaapa kwa mamake. Nikakwambia sawa, niwekee alama chini ya kalio la kiti, mahali mwizi hatazami. Nukta moja nyekundu inatosha.

Nukta, Auma. Nilisema nukta.

Ukavichukua kumi kumi. Ukavikwaruza kwa msasa, maana ulisema plastiki haishiki rangi mpaka uiumize kidogo. Vilipokuwa vinarudi nikaanza kupindua, nikaona chini ya cha kwanza kuku. Cha pili, kiatu kimoja cha shule kilichochanika mdomo. Cha tatu, yule mama anayechoma mahindi kwenye kona, amekunja uso kwa moshi. Hakuna kiti kilichofanana na kingine! Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nikakuuliza nani atawahi kuona chini ya kiti, nani? Wewe ukiwa na brashi mdomoni ukasema, "Wewe. Ukiviosha."

Na ni kweli niliviona. Kila baada ya shughuli, viti miguu juu, maji na sabuni, nakutana nao. Nikaacha hata kuvihesabu kwa namba, mimi mtu wa namba. Nikawa napiga simu kwa wenye matanga, "Mama, kiti cha kuku hakijarudi." Wananiuliza, cha kuku vipi? Nawaambia kipindue utaona. Kinarudi.

Sikukuambia kamwe kwamba ni kazi nzuri. Nilisema ni alama nzuri. Sijui kama uliona tofauti.

Kisha ukaugua. Sitaki kukaa hapo sana, nawe hukupenda. Nakumbuka tu ile wodi ya Upper Hill, mimi nimekaa kando ya kitanda kwenye kiti cha plastiki cha hospitali, wewe huna nguvu ya kunyanyua kikombe, ukaninong'oneza, "Pindua hicho tuone." Nikainuka, nikakipindua pale mbele ya muuguzi. Chini kulikuwa na ubani wa kutafuna wa mtu, umekauka. Ukasema, "Maskini kiti." Tukacheka mpaka yule muuguzi akatuuliza mgonjwa ni nani kati yetu. Halafu ukanishika mkono, ukasema tamasha tusilifute. Hukusema "mkiweza". Ulisema tusilifute.

Viti vya matanga yako nilitoa mimi, hilo unajua hata bila kuambiwa. Jioni zile zote za maombi pale plotini kwenu, watu walikukalia bila kujua. Na lori lilipoondoka na jeneza kwenda kwenu Siaya, lilibeba viti vya wazee kukalia nyuma njiani. Viliporudi nikaviosha. Kimoja hakikuwepo. Kile cha birika, Auma, birika jeusi la chai linalotoa mvuke, na ule mvuke ulikuwa umeuchora ukipanda mpaka kwenye miguu ya kiti. Sikupiga simu. Mimi! Muulize mtu yeyote huku Riruta kama nimewahi kuacha kudai kiti.

Sasa sikiliza la mwaka huu.

Kamati ilikaa. Bwana Kamande akakohoa, akasema bila Auma ni vigumu, labda tuahirishe, labda tufanye ibada ndogo ya kumbukumbu, watu wanywe soda waende. Wengine wakatingisha vichwa kama wanaoona huruma. Nikamuuliza, "Mwenyekiti, picha zilikuwa zinachorwa na Auma peke yake?" Akasema hapana. "Basi nini kimekufa?" Nilisema vibaya, najua. Lakini nikaendelea, nikawaambia nimeshakataa harusi mbili kwa ajili ya siku hiyo na mahema yangu yatasimama pale, kuwe na picha au kusiwe. Wakitaka wakae chini yake wakitazamana. Wakakubali. Watu hawapendi kutazamana.

Shida ikawa rangi. Ulikuwa unapata wapi rangi zote zile? Hukuwahi kutuambia. Nikaenda mjini nikizunguka maduka ya rangi na picha yako kwenye simu kama polisi anayetafuta mtu. Kwenye duka la nne mzee mmoja mwenye kilemba, Mzee Harjit, akaitazama ile picha, akavua miwani. Akasema, "Huyu ni Auma wa makosa." Mimi moto ukanipanda, nikamuuliza makosa gani. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya duka. Ukutani, kutoka sakafuni hadi dari, makopo. Ni zile rangi zinazochanganywa vibaya, mteja anataka krimu, mashine inatoa kitu kingine, mteja anakataa, kopo linabaki. Wewe ulikuwa unapita kila mwezi kuyachukua. Akasema tangu uache kuja, makosa yamejaa mpaka hana pa kupita. "Mama, leta gari, beba yote. Hii inaniharibia stoo na inaniharibia roho."

Nilileta pikap. Makopo mengi yalikuwa ya zambarau. Hospitali moja sijui shule moja ilitaka bluu ya mbingu, mashine ikaamua vingine, wakakataa oda nzima. Kwa hiyo mwaka huu, mpenzi, Satellite yote ni ya zambarau! Wachoraji wako walilalamika asubuhi, mchana wakaacha. Kuna ng'ombe wa zambarau. Kuna mchungaji wa zambarau. Ukuta mrefu unaoshuka kutoka kanisani umekuwa umati wa watu wa zambarau wanakwenda kazini asubuhi na mapema, na waliochora wamewapa nyuso tunazozijua. Mimi niko hapo. Nimebeba nguzo. Wamenifanya mnene kuliko nilivyo, lakini nguzo wameipatia.

Na ule ukuta, unajua ni wa nani? Bi Rukia. Ndiyo, yuleyule mwenye ploti aliyekukatalia kila mwaka, akisema hataki michoro ya ovyo kwenye mali ya marehemu mumewe. Safari hii alikuja mwenyewe, na buibui lake, akanikuta nikipima uwanja. "Mama Tenti, yule dada aliniomba mpaka akachoka. Sasa mimi ndio naomba. Chukueni ukuta." Kisha akasimama hapo siku nzima akiwaambia wachoraji mahali pa kuongeza. "Huyo mpe mwavuli. Msimwache anyeshewe." Mkaidi kweli. Ungempenda.

Watu walikuja, Auma! Nilikuwa nimepiga hesabu viti vitabaki. Vilijaa. Wengine wakakaa kwenye mawe. Walitoka Kawangware, walitoka Dagoretti, na kuna kikundi kilichopanda kutoka mjini na kamera shingoni. Wakakuta picha zimetundikwa kwa waya wangu, nyingine zimebanwa kwa vibanio vya nguo, na Mutiso, yule bawabu wa kanisa, amesimama katikati kama askari wa benki. Usiku wa kuamkia siku yenyewe mawingu yalikuwa yamejikusanya, na yeye akavua koti lake la mvua akafunika picha za watoto, akakaa hivyohivyo na shati. Hakumwambia mtu. Nilijua kwa sababu asubuhi nilikuta koti lina rangi ndani.

Basi ikafika jioni, na mimi ndiye nilikuwa nimepewa neno la shukrani. Nililiomba. Niliwaambia kamati sitaki kitu kingine, nataka hilo tu. Unajua kwa nini. Nilitaka siku moja katika mji huu watu walio nyuma ya shughuli watajwe kwa majina, kwa sauti, wakiwa wamesimama, wakipigiwa makofi, kabla ya mwenye tai yoyote. Nilikuwa nataka kukuonyesha jinsi inavyofanywa. Ndiyo, hata ukiwa umelala. Kisirani changu hakikufa na wewe.

Mgeni wa heshima akachelewa, kama wanavyochelewa. Alipofika programu ilikuwa imebanwa. Bwana Kamande akanijia na tabasamu lake. "Mama Tenti, fupisha bana. Sema tu itifaki imezingatiwa, tumpe mheshimiwa nafasi."

Auma. Nilimwangalia huyu mtu.

Nikachukua maiki. Nikasema habari zenu, mimi naitwa Nafula, ni mimi nimewakalisha. Wakacheka. Nikasema leo itifaki haitazingatiwa, leo itifaki itaketi chini isikilize. Watu wakapiga mbinja! Na kwa vile mimi siwezi kusoma karatasi mbele za watu, nilifanya vile ninavyofanya kila siku nikihakiki mzigo: nikapita hema kwa hema kichwani. Hema la kwanza, la chakula: nikamwita Wanjiru, aliyetupikia chai na chapati tangu alfajiri, asimame. Akasimama na unga mkononi, akajificha uso. Hema la pili, la rangi: Mzee Harjit, aliyekuja na mkewe, nikasema huyu ndiye ametupa makosa yake yote, nasi tumeyapaka ukutani. Alicheka mpaka akafuta macho. Hema la tatu, wachoraji, mmoja mmoja. Hema la nne, wazazi walioachilia shuka zao zichorwe na watoto. Nikamsimamisha Bi Rukia. Nikamsimamisha Mutiso, nikaeleza habari ya koti, na uwanja mzima ukasimama kwa ajili yake. Mutiso hajui afanye nini na mikono. Akapiga saluti.

Nikafika hema la mwisho. Nikamshukuru hata fundi wa spika na wale vijana wangu wa nguzo. Hakubaki hema. Nikasema asanteni, nikarudisha maiki, nikaketi. Nilikuwa najiona mrefu kama mnara. Kifua kimejaa. Nikasema moyoni, umeona, Auma? Umeona jinsi inavyofanywa?

Wanjiru akaniinamia sikioni. "Na Auma?"

Nilidhani sikusikia. Akarudia, polepole, maana aliona uso wangu. "Mama Tenti, hujamtaja Auma."

Nimeshawahi kuangukiwa na nguzo ya hema. Ilikuwa afadhali.

Nilikupita. Nilimtaja mpaka aliyeleta waya wa umeme, na wewe nikakupita, kwa sababu nilipita hema kwa hema na wewe mwaka huu hukuwa chini ya hema lolote. Maiki ilikuwa tayari kwa mgeni wa heshima. Alikuwa anaongea juu ya vipaji na vijana. Sikusikia kitu. Nilikuwa nimekaa pale nasema nitainuka, nitamnyang'anya. Nitasema nini? Kwamba samahani, tumemsahau mwenye tamasha, itifaki imezingatiwa?

Akamaliza. Pasta akaanza maombi ya kufunga. Na hapo, macho yakiwa yamefumbwa, mikono yangu ikajua kabla yangu. Nikaushika ukingo wa kiti nilichokalia. Kwa chini vidole vikagusa ile sehemu uliyoikwaruza kwa msasa.

Nikangoja amina. Amina ilipotoka tu nikapanda kwenye meza ya Wanjiru, bila maiki, na nikapiga ile sauti ya kuita lori. "Viti ni vyangu! Kila mtu asimame!"

Unajua watu walifikiri nini. Walifikiri Mama Tenti ameanza. Kila mtu mjini anajua wenye viti tulivyo, bado mnasali sisi tunabeba. Mama mmoja akasema kwa nguvu, "Si mtuache hata tumalize soda!" Mtu akanizomea. Bwana Kamande akafunika uso. Nikapiga kelele tena. "Msiondoke! Pindueni viti! Kila mtu apindue chake, miguu juu!"

Wakatazamana. Kisha mama yule wa soda, kwa hasira, akakipindua chake kama anayenitupia. Akasimama ameduwaa. Akainama. "Haiya! Ni mimi!" Auma, alikuwa amekalia yule mama wa mahindi. Ni yeye mwenyewe! Ule uso wa moshi! Akaanza kupiga vigelegele, na hapo ikawa kama mvua ya mawe, kiti baada ya kiti, ta ta ta ta, uwanja mzima ukapinduka. Kuku. Kiatu cha shule. Kinyozi na wembe. Paka wa bucha. Tairi. Mtungi wa gesi. Mkono unaopunga. Viti mia moja na tisini na tisa miguu juu kwenye nyasi, na watu wanatembea kati yake wameinama, wanaitana, "Kuja uone hii! Yako ni nini? Wangu ana meno!" Wachoraji wako walikaa chini kabisa na magoti kwenye vumbi kutazama ulivyovuta brashi. Mzee Harjit akaenda kiti hadi kiti akisema, "Hii ni kosa langu ya kijani. Hii ni kosa langu ya waridi. Hii pia ni yangu." Wale wa kamera waliokuwa wameanza kuzifunga wakazifungua tena.

Na mgeni wa heshima! Yeye alikuwa amekalishwa kwenye kochi lenye kitambaa, si unajua. Akapindua mto wa kochi. Hamna kitu. Akatazama huku na huku, akateremka jukwaani, akamuuliza mama wa mahindi kwa upole kama anaweza kuangalia chake. Mama akamwambia, "Panga laini nyuma ya hawa, mheshimiwa."

Ndipo nikasema jina lako. Sikuhitaji kuongeza sauti, wote walikuwa wamenigeukia. Nikasema hii ni kazi ya Auma, mchoraji wa mabango, aliyeanzisha tamasha hili, na tumemkalia siku nzima. Nikasema mimi nimewataja nyote nikamsahau yeye. Hawakunizomea. Walipiga makofi muda mrefu kuliko yote, na kwa kuwa hukuwepo wa kusimama, vile viti vilisimama kwa niaba yako, kwa namna yao.

Sasa niseme lililonifanya nikose usingizi. "Sikukuhesabu upande ule." Upande ule ni upande wa wale unaowashukuru. Mtu hamshukuru mkono wake mwenyewe. Anaunyoosha tu, kazi inafanyika. Mimi nilikupita jana kwa sababu ile siku nzima nilikuwa naongea na wewe kichwani, nikikuonyesha hiki na kile, nikigombana na wewe. Sikukuona kama mtu wa kutajwa. Ulikuwa upande huu, pamoja nami, tukiwaangalia wengine. Ulinijibu siku ile, na mimi nikadhani unakwepa. Nimekuwa nikikudai jibu nililokuwa nalo mfukoni.

Na kuna lingine. Ulinishukuru. Ulinishukuru mara mia mbili, kila moja tofauti, mahali ambapo ni mimi tu ningeona. Nami nikakwambia nilitaka nukta.

Basi nipokee langu, hata kama limechelewa. Asante, Auma. Kwa wazimu wako. Kwa rangi za makosa. Kwa kunipeleka mimi, mtu wa nguzo na hesabu, nikajikuta nasimama juu ya meza nikilia kwa sababu ya kuku aliyechorwa chini ya kiti. Ni kazi nzuri. Siyo alama nzuri tu. Ni kazi nzuri.

Nakuahidi hivi. Mwaka ujao nimekataa harusi tayari. Kabla ya pasta na kabla ya mwenye kochi, viti vitakuwa miguu juu uwanjani asubuhi yote, watu wavione wakiwa wanasimama, ndipo wavikalie. Jina lako litakuwa la kwanza. Nimeshamwambia Kamande, akasema, "Mama Tenti, nani atakubishia?" Wachoraji wanataka kunichorea vipya nikiongeza viti. Nimewaambia sawa, lakini waje na msasa.

Na kile cha birika, kilichobaki kwenu Siaya. Dada yako alinipigia simu asubuhi hii, ameona picha za jana kwenye simu ya mtu. Akasema, kwa aibu, kwamba kuna kiti changu hapo nyumbani, waliona mchoro wakashindwa kukirudisha. Wamekiweka nje kando yako, jioni wanakikalia mmoja mmoja kuongea na wewe. Akaniuliza atume na basi gani.

Nimemwambia kile si changu.

Kaa vizuri, rafiki yangu. Chai iko chini ya kiti.

Ni mimi, wa upande huu,
Nafula